Mshahara Ulioliwa Kabla Haujafika

Ndugu msomaji, kwa wale ambao hawakuwa karibu na redio wiki hii, au walisikia nusu tu kwa sababu umeme ulikatika, haya ndiyo tuliyoyazungumza. Tulizungumza juu ya deni. Deni la taifa tuliliacha, maana lina wasemaji wake bungeni. Tulishughulika na deni la nyumbani, ambalo halina msemaji: la dukani, la SACCOS, la kikoba, la kwenye simu, na lile la yule bwana wa pikipiki anayepita kila jioni na daftari lake kwapani.

Ukitaka kuliona deni hilo, tazama mwisho wa mwezi. Mishahara inaingia, watu wanapanga foleni kwenye mashine za benki. Siku tatu baadaye mtu yule yule anamvuta mwenzake pembeni kazini na kumwomba elfu mbili ya nauli. Hakulewa, hakucheza kamari, hakuibiwa. Mshahara wake ulikwisha kuliwa kabla haujafika. Alichokifanya siku ile ni kuupokea kwa mkono wa kulia na kuugawa kwa mkono wa kushoto.

Je, basi, nyumba yenye deni ndiyo nyumba yenye dhiki? Wengi watajibu ndiyo, upesi upesi. Wahenga walituachia kauli kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na wenye maduka wakaiandika ukutani ili mteja aisome kabla hajafungua kinywa. Lakini kauli ile inasimulia siku mbili tu, siku ya kukopa na siku ya kulipa. Haisimulii kilichofanyika katikati, na huko katikati ndiko nyumba inakojengwa au kubomoka.

Tuchukue mfano. Fundi cherehani anakopa shilingi 600,000 SACCOS, ananunua cherehani ya pili na kumweka kijana wa kushona sare za shule. Jirani yake anakopa kiasi hicho hicho kwa ajili ya sherehe ya siku moja. Wa tatu anakopa kiasi hicho hicho usiku, mtoto yuko hospitali. Wataalamu wa darasani hutuambia kwamba deni la kuzalisha ni jema na deni la kutumia ni baya. Kwa kanuni hiyo wa kwanza ana akili, wa pili hana. Na wa tatu je? Mtoto aliyepona malaria haleti faida ya mwezi. Lakini nani atathubutu kumwambia mzazi yule kwamba alikosea kukopa?

Kwa hiyo kanuni ile ni fupi mno. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti juu ya M-Shwari, mkopo wa simu ulioanza Kenya Novemba 2012. Watafiti walilinganisha watu waliokuwa wamepita kidogo tu kiwango cha kustahili mkopo na wale waliokuwa wamekosa kidogo tu. Walikuta kwamba nyumba zilizostahili, zikipatwa na ugonjwa au msiba, hazikulazimika sana kuacha matumizi ya lazima kama nyumba zisizostahili. Yaani mkopo mdogo wa haraka uliwasaidia kuvuka siku mbaya. Tuliseme hilo wazi, maana kuna watu wanaohubiri dhidi ya deni kana kwamba kila mkopaji ni mvivu.

Sasa tuweke upande wa pili wa mizani. Mwaka 2018 shirika la CGAP, lililo chini ya paa la Benki ya Dunia mjini Washington, lilichapisha uchunguzi juu ya wakopaji wa simu wa Kenya na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania, asilimia 56 ya waliokopa walisema wamewahi kuchelewa kulipa, na asilimia 31 walisema wamewahi kushindwa kabisa. Wapo pia waliosema kwamba ili walipe, walipunguza chakula. Hapo mkopo uliokuja kuokoa siku mbaya umezaa siku mbaya nyingine.

Mkopo ni ule ule, simu ni ile ile. Kwa nini mmoja unamvusha na mwingine unamzamisha? Ili tujibu, hatuna budi kwanza kukubaliana utulivu wa fedha nyumbani ni nini. Ofisi ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha iliueleza mwaka 2015 kwa mambo manne, na hata sisi huku yanatufaa: kwamba matumizi ya kila siku na ya kila mwezi yako mikononi mwako, kwamba likitokea la ghafla unaweza kulibeba, kwamba malengo yako yanasogea, na kwamba una nafasi ya kuchagua jambo linalokupa raha kidogo maishani. Angalia, ndugu msomaji, hawakutaja utajiri. Muuza mihogo anaweza kuwa na hayo manne kwa kiasi chake, na bwana mwenye gari asiwe na hata moja.

Deni hugusa yote manne, na uzito wake hupimwa kwa mizani minne pia. Tuitazame mmoja mmoja.

Mzani wa kwanza ni sehemu ya kipato inayokwenda kwa mkopeshaji. Hapa sheria ilikwisha kuona mbali. Kwa watumishi wa umma wa Tanzania, makato hayatakiwi kumwacha mtu na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kenya nayo, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, imeweka kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili za ujira. Mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 anatakiwa abaki walau na 200,000. Ni kinga nzuri. Tatizo ni kwamba sheria inalinda mlango mmoja, na nyumba ina milango mingi. Karatasi ya mshahara inaonyesha mkopo wa benki. Haionyeshi deni la simu, la kikoba, la dukani, wala la bwana wa pikipiki. Ile 200,000 iliyolindwa na sheria ndiyo hiyo inayogombaniwa na hao wengine wote. Na wapo wanaofika mahali pa kuweka rehani kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Mtu wa namna hiyo amempa mwingine ufunguo wa nyumba, na yeye mwenyewe anabisha hodi.

Mzani wa pili ni bei ya mkopo. Hapa ndipo watu wengi, hata wenye vyeti, hupotea, kwa sababu bei ya mkopo husemwa kwa namna ya kuficha. Chukua mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina, kausha damu. Mama lishe anapewa shilingi 100,000 na kuambiwa alete 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 130,000. Mkopeshaji anasema ni asilimia 30. Lakini ile 100,000 hakuwa nayo mkononi mwezi mzima. Siku ya pili alikwisha kurudisha 5,000, siku ya kumi amekwisha kurudisha 50,000. Ukichukua wastani wa siku zote, alikuwa akitumia karibu nusu tu ya fedha zile. Kwa kutumia elfu hamsini na ushee kwa chini ya mwezi mmoja, amelipa elfu thelathini. Hiyo inakaribia asilimia 60 kwa mwezi. Ongeza fedha ya fomu, na faini ya siku ambayo mvua ilinyesha na wateja hawakuja.

Linganisha na kikomo kilichowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, yaani asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kikomo hicho, laki moja ikikaa mwezi mzima riba yake ni shilingi 3,500. Mama lishe wetu amelipa 30,000.

Hata ndani ya asilimia 3.5 kuna shimo. Tuseme umekopa shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja, unarudisha laki moja ya mtaji kila mwezi pamoja na riba. Kama riba inahesabiwa kwa deni lililobaki, mwezi wa kwanza ni 42,000, wa pili 38,500, na inashuka hivyo hadi mwezi wa mwisho 3,500. Jumla ya riba ni 273,000. Lakini kama inahesabiwa kwa deni la mwanzo, kana kwamba hujarudisha hata senti, utalipa 42,000 kila mwezi, na jumla ni 504,000. Tofauti ni shilingi 231,000, na mikataba yote miwili imeandikwa asilimia 3.5. Mtu asiyeuliza swali moja dogo analipa karibu mara mbili.

Mikopo ya simu nayo ina hesabu yake. M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa dharura ya mara moja, hiyo ni shilingi 75 kwa kila elfu moja, na wengi wataona nafuu kuliko kudhalilika. Lakini anayekopa, akalipa, akakopa tena siku ile ile, mwezi hadi mwezi, baada ya mwaka amelipa ada ya shilingi 90 kwa kila 100, na ile 100 bado anadaiwa. Tena ile mikopo ya kujazia salio pungufu wakati wa kutuma fedha, kama Fuliza iliyoanza Kenya mwaka 2019, ina tabia ya kujilipa yenyewe. Fedha yoyote ikiingia kwenye simu, deni linatangulia kuchukua chake. Kaka yako akikutumia fedha za daftari za mtoto, zinaweza zisifike kwa mtoto.

Mzani wa tatu ni idadi ya wanaokudai. Huu watu hawaufikirii. Watafiti wa Singapore waliwafuatilia watu 196 wa kipato cha chini ambao madeni yao ya muda mrefu yalilipwa na shirika la hisani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Baada ya kufutiwa madeni, watu wale walipungukiwa na wasiwasi, na hata katika majaribio ya kufikiri na kuamua walifanya vizuri zaidi. Lakini kilichoshangaza ni hiki: kati ya watu waliofutiwa kiasi sawa cha fedha, aliyepata nafuu zaidi ni yule ambaye idadi kubwa zaidi ya madeni ilifungwa. Mtu mwenye deni moja la laki tano ana tarehe moja ya kukumbuka. Mwenye madeni matano ya laki moja ana tarehe tano, simu tano za kukwepa na njia tano za kuzunguka ili asipite mbele ya duka fulani. Akili yake imejaa. Ndiyo maana tusishangae mtu mwenye madeni mengi akifanya uamuzi ambao sisi tulio nje tunauona wa kijinga, kama kukopa Jumanne ili alipe la Jumatatu. Anafukia shimo kwa udongo wa shimo jingine, kwa sababu kichwa hakina tena nafasi ya kutazama wiki mbili mbele.

Mzani wa nne ni siri. Madeni mengi ya mjini yamefichwa: mume kamficha mke, mke kamficha mume. Siku ya kufichuka ni siku televisheni na magodoro vinapobebwa mchana kweupe, majirani wakitazama. Ugomvi unaofuata huanzia kwenye fedha na kuishia kwenye uaminifu. Na baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni wameigeuza siri hiyo kuwa fimbo. Programu zao hunyonya majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ukichelewa, shemeji yako, bosi wako na kiongozi wa jumuiya yako wote hupokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Kenya nayo mwaka 2022 ilitoa kanuni za kuwabana wakopeshaji wa kidijitali. Kwa hiyo anayedhalilishwa namna hiyo asijifungie ndani na aibu yake. Ana mahali pa kushtaki.

Sasa, ndugu msomaji, tusimalize kwa kumlaumu mkopaji peke yake. Mwajiri anayechelewesha mshahara siku kumi ndiye anayempelekea mkopeshaji wa mtaani wateja wake. Mfanyakazi hawezi kumwambia mwenye nyumba asubiri, wala tumbo la mtoto halisubiri. Vivyo hivyo ugonjwa: katika nyumba isiyo na bima, homa moja inatosha kufungua mlango wa deni la miezi sita. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, itakavyotekelezwa, itakuwa pia sheria ya kupunguza madeni, ingawa jina lake halisemi hivyo. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kila kikundi kinachozungushwa na ofisi hadi kikate tamaa, huishia mikononi mwa kausha damu.

Na wewe uliye ndani ya deni leo, ufanye nini?

Kwanza, chukua karatasi moja, na kama una mwenzi, kaeni wawili. Andikeni kila deni: la nani, limebaki kiasi gani, linalipwa lini, na linaongezeka kwa kiasi gani. Ni karatasi chungu. Lakini deni lililoandikwa lina mwisho, na lile la kichwani halina.

Pili, amua lipi litangulie. Kwa hesabu, lenye riba kubwa lilipwe kwanza. Kwa utafiti wa Singapore, kufunga madeni madogo kunarudisha akili. Bahati nzuri, mara nyingi njia hizo mbili hukutana, kwa maana deni la mtaani aghalabu ndilo dogo na ndilo ghali. Anza na hilo.

Tatu, kama ni mwanachama wa SACCOS, uliza kama wanaweza kukupa mkopo mmoja wa bei nafuu wa kufunga yale matano. Lakini uyafunge kweli, siku ile ile, na udai risiti. Mtu anayechukua mkopo wa kufunga madeni halafu akayaacha wazi, ameongeza la sita.

Nne, kabla ya kuweka saini mahali popote, uliza maswali manne. Una leseni? Maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa nayo. Jumla nitalipa shilingi ngapi, pamoja na ada zote? Riba inahesabiwa kwa deni la mwanzo au kwa lililobaki? Nikichelewa siku moja, inakuwaje? Mkopeshaji anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kukujibu.

Tano, akiba. Najua, watasema akiba itoke wapi. Lakini turudi kwa mama lishe wetu. Shilingi 500 kila siku kwa mwaka ni 182,500. Katika siku 200 anafikisha ile laki moja aliyokwenda kuikopa. Mwenzake anayeikopa anatakiwa atoe 5,000 kila siku kwa siku 26, na akimaliza hana kitu. Si kila mtu anaweza kutenga hiyo mia tano, hilo tunalijua. Anayeweza, aiweke kwenye kikoba ambako wenzake watamkumbusha, maana fedha iliyo mfukoni husikia kila jambo linalosemwa nyumbani.

Deni si dhambi, wala si werevu. Ni fedha ya kesho iliyoitwa leo. Mwenye kuiita ajue ameiita kiasi gani, kwa bei gani, na mbele ya nani, ili kesho yenyewe ikifika ikute bado kuna kitu mezani.

Mungu akipenda, tutazungumza tena wiki ijayo, saa ile ile.